Sanduku la Yoashi na Paa la Kanisa

Andiko: 2 Wafalme 12:4-16. Soma pia 2 Mambo ya Nyakati 24:4-14.



Ujumbe huu ulihubiriwa Jumapili iliyopita, na waliokuwa ibada ya pili wanajua kwamba stima ilipotea nikiwa katikati ya maandiko. Jenereta ilichukua muda kuamka, na walioketi nyuma wakasikia nusu nusu. Ndiyo sababu ofisi imeomba niuandike wote hapa. Ukiwa na Biblia karibu, fungua kwanza usome mwenyewe, ndipo urudi tuendelee.

Yoashi alitawazwa kuwa mfalme akiwa na miaka saba. Hebu fikiria mtoto wa Sunday school anapewa Yerusalemu. Kabla yake alikuwa ametawala Athalia, na kitabu cha Mambo ya Nyakati kinatuambia kwamba wana wa mama huyo waliivunjavunja nyumba ya Mungu, na vyombo vyake wakavipeleka kwa Mabaali. Kwa hivyo huyu kijana harithi hekalu jipya. Anarithi jengo la Sulemani ambalo tayari lina zaidi ya miaka mia moja, lililotumiwa vibaya na lenye mahali palipobomoka.

Akiwa mtu mzima anatoa amri. Pesa zote zinazoingia katika nyumba ya Bwana, za kuhesabiwa watu, za nadhiri na za hiari, makuhani wazipokee na watengeneze kila mahali palipobomoka. Amri nzuri. Bajeti imepitishwa, watu wametoa. Sasa shuka mpaka aya ya sita. Mwaka wa ishirini na tatu wa kutawala kwake, hakuna kilichotengenezwa. Miaka ishirini na mitatu, wapendwa! Sadaka zilikuwa zikiingia, ibada ziliendelea, na nyufa zilikuwa palepale.

Nilisomea biashara chuoni kabla sijaitwa katika huduma, na wazee hunitania kwamba mimi husoma Biblia nikiwa na kikokotoo mkononi. Basi nivumilieni. Angalia kwamba Biblia haisemi makuhani waliiba. Mfalme anawauliza kwa nini hawajatengeneza, na wanakubali wasipokee tena pesa hizo wala wasisimamie kazi hiyo. Mimi ninavyoona, ni jambo ambalo kila mweka hazina analijua: matumizi ya kila siku yana mdomo mpana. Pesa ya matengenezo ikikaa mfuko mmoja na pesa ya chakula, mafuta na wageni, ya matengenezo ndiyo huliwa kwanza, kwa sababu ukuta haulalamiki. Kwaya italalamika. Wageni watalalamika. Ukuta unanyamaza na kuendelea kupasuka.

Ndipo Yehoyada kuhani anachukua sanduku, anatoboa tundu kwenye kifuniko, analiweka kando ya madhabahu upande wa kuume mtu aingiapo. Likijaa, mwandishi wa mfalme anakuja pamoja na kuhani mkuu, wanahesabu wawili, wanafunga katika mifuko. Kisha pesa inakwenda kwa wasimamizi wa kazi, nao wanawalipa maseremala, waashi na wakata mawe. Na aya ya kumi na tatu ndiyo iliyonishika: katika pesa hiyo hawakutengeneza vikombe vya fedha, wala makasi, wala mabakuli, wala tarumbeta. Umesikia? Hawakununua tarumbeta. Kwa lugha ya siku hizi, hawakununua spika mpya wakati paa linavuja. Mambo ya Nyakati inaongeza kwamba kazi ilipokwisha ndipo kilichobaki kilifanywa vyombo. Mungu hana ugomvi na tarumbeta. Kulikuwa tu na mpangilio, na mabomoko yalikuwa mbele.

Mwambie jirani yako: mabomoko kwanza.

Sasa nawapeleka Uingereza kidogo, na mtajua kwa nini.

Kanisa la Anglikana la Uingereza lina makanisa kama 16,000, na zaidi ya 12,000 kati yake ni majengo yanayolindwa na sheria kwa sababu ya historia yake. Huwezi kung'oa hata benchi bila ruhusa. Mengi yalijengwa kabla Mreno hajaona Mombasa. Mwezi wa Februari 2020, Sinodi Kuu ya kanisa hilo ilikaa kuzungumzia uchafuzi wa hewa. Hoja iliyoletwa mezani ilisema kanisa lijitahidi, kufikia mwaka wa 2045, lisiwe linaongeza kaboni hewani kwa jumla. Wajumbe wakasimama wakasema 2045 ni mbali mno, wakapiga kura, na mwaka ukasogezwa hadi 2030. Miaka kumi kubadilisha majengo yenye umri wa miaka mia nane. Wapo waliosema haiwezekani, na kusema kweli mpaka leo wako wanaosema hivyo.

Shida yao kubwa ni baridi. Jengo la mawe lenye dari refu kama mti wa mkaratusi, mwezi wa Januari, watu thelathini wamekuja kuabudu kwa saa moja na nusu. Kwa miaka mingi waliwasha boila ya gesi au ya mafuta tangu Jumamosi ili Jumapili pawe na joto. Joto lenyewe hupanda juu, likawafurahisha popo, na watu chini wakabaki na makoti. Sehemu kubwa kabisa ya nishati inayotumiwa na makanisa yale ni ya kupasha joto. Taa na vyombo vya muziki ni kidogo sana zikilinganishwa.

Wamefanyaje? Hapa ndipo nilipopata mahubiri yangu, kwa sababu mashauri ambayo kanisa hilo linawapa washirika wake hayaanzi na sola. Yanaanza na mifereji ya paa. Zibueni mifereji, rudisheni vigae vilivyoanguka, zibeni mahali pa upepo, kwa maana ukuta wenye unyevu hupoteza joto upesi na ni kazi kuupasha. Baadaye ndiyo balbu za LED. Baadaye ndiyo hita ndogo za umeme chini ya mabenchi, zinazompasha mtu aliyeketi badala ya kupasha hewa ya dari. Wengine wakati wa baridi wanahamia chumba kidogo cha pembeni, waumini wakiwa wachache. Na tangu Julai 2022 kanuni zao za ruhusa zilibadilishwa: mtu akitaka kuweka balbu mpya au hita za mabenchi njia imerahisishwa, lakini akitaka kung'oa boila ya gesi na kuweka nyingine ya gesi, lazima apitie njia ndefu na aeleze kwa nini. Yaani wamefanya mlango wa kitu chema kuwa mpana na mlango wa kile cha zamani kuwa mwembamba. Mimi kama mtu wa biashara nawavulia kofia kwa hilo.

Nipe mifano mitatu tu, kwa maana ni mitamu.

Wa kwanza ni Kanisa Kuu la Gloucester. Ujenzi wa jengo lililopo ulianza 1089. Mwaka wa 2016 waliweka paneli 150 za sola juu ya paa la ukumbi mkuu, na matarajio yalikuwa kwamba bili ya nishati itashuka kwa robo. Ukisimama chini huzioni, ukingo wa paa umezificha. Jengo la karibu miaka elfu moja, limeona mfalme akizikwa ndani yake, na sasa linavuna jua la Uingereza, ambalo wote tunajua ni jua la kubahatisha. Sisi tuko hapa chini ya ikweta jua likitupiga utosi, na tunanunua dizeli.

Wa pili ni kanisa la King's College pale Cambridge, lililoanzishwa na Mfalme Henry wa Sita mwaka wa 1446. Paa lake ni la madini ya risasi na lilikuwa limefika wakati wa kurekebishwa. Wakasema, kwa kuwa tunapanda juu hata hivyo, tufanye yote pamoja. Walirekebisha paa, kisha mwaka wa 2023 wakaweka paneli 438. Makadirio yao ni yuniti 123,000 za stima kwa mwaka na kuepusha zaidi ya tani 23 za kaboni. Kulikuwa na upinzani mkali. Wapenzi wa majengo ya kale walisema sura ya kanisa itaharibika, na hawakuwa watu wabaya, walilipenda tu lile jengo. Wengine walijibu kwamba ulimwengu ukiharibika sura ya paa haitamsaidia mtu. Mabishano ya namna hii ni mazuri kanisani, bora tu yafanyike mezani, yasifanyike WhatsApp usiku.

Wa tatu ndio ninaoupenda zaidi: kanisa la Bath Abbey. Sakafu yake ilikuwa inazama. Kwa karne nyingi walikuwa wakizika watu chini ya kanisa, maelfu, na udongo ulipoendelea kushuka mawe ya sakafu yakabaki juu ya mashimo. Walilazimika kuinua sakafu. Na mji wa Bath una chemchemi ya maji ya moto, zaidi ya lita milioni moja kila siku, yakitoka yakiwa na joto la karibu nyuzi 46. Warumi waliyaoga karibu miaka elfu mbili iliyopita. Maji hayo yakishapita kwenye bafu za kale, yalikuwa yanaingia kwenye mtaro uliojengwa na Warumi haohao na kwenda mtoni na joto lake lote. Kila siku. Sasa wameweka ndani ya mtaro ule vyuma vya kupokea joto, na chini ya sakafu iliyorekebishwa wakalaza mabomba. Kanisa linapashwa joto na maji ambayo yalikuwa yanamwagika bure mlangoni pake.

Angalia kitu kimoja katika King's na Bath. Hakuna aliyeamka asubuhi akasema nataka mradi wa mazingira. Walikuwa na bomoko. Paa limechoka, sakafu inazama. Walipokwenda kutengeneza palipobomoka, hapo ndipo palipopatikana nafasi ya kupunguza nishati. Ni aya ya tano ya andiko letu hiyo.

Haya. Turudi nyumbani, kwa maana kuna mzee ameshaanza kuniuliza moyoni mwake, "Pasta, sisi baridi ya Uingereza inatuhusu nini?"

Haituhusu. Na sitaki tuige bila kufikiri. Kenya inachangia chini ya asilimia moja ya uchafuzi wa hewa duniani, tena chini sana. Stima inayoingia hapa kwa waya, karibu asilimia 90 yake inatokana na mvuke wa ardhini kule Olkaria, na maji, na upepo wa Turkana, na jua. Kwa upande huo Mungu ametupendelea kuliko wengi. Waliochoma makaa ya mawe na gesi kwa zaidi ya miaka mia moja ndio wenye deni kubwa, na ni haki wao watangulie kulipa. Yeyote akija kuwaambia kwamba balbu ya kanisa letu ndiyo iliyosababisha ukame wa 2020 hadi 2023, mvua ikikosa misimu mitano mfululizo, ama yale mafuriko ya 2024, huyo anawabebesha mzigo usio wenu.

Lakini pia sikubali ile lugha ya kwamba haya ni mambo ya wazungu, Yesu yuko karibu kurudi. Yuko karibu kurudi, amina. Atakuta nini mikononi mwetu? Mwanzo 2:15, Adamu aliwekwa bustanini ailime na aitunze, kabla ya dhambi, kabla ya mnara wa Babeli, kabla ya mzungu na Mwafrika. Na Bwana wetu alipowalisha watu elfu tano, mwenye uwezo wa kuzidisha mikate alitaka vipande vilivyobaki vikusanywe, vikajaa vikapu kumi na viwili. Mwenye kiwanda cha miujiza hakupenda ubadhirifu. Mimi ninayelipa kwa sadaka ya mama anayeuza sukuma wiki nitaupendaje?

Basi tuangalie mabomoko yetu wenyewe.

La kwanza liko juu ya vichwa vyenu. Wazee waliojenga kanisa hili la mawe hawakuwa na feni. Walijenga kuta nene, zinazochukua nusu siku kupata moto, na juu karibu na paa wakaacha matundu ya hewa pande zote mbili. Hewa ya moto inapanda, inatoka juu, ya baridi inaingia kwa madirisha ya chini. Haihitaji tokeni hata moja. Ni hesabu ileile unayoiona katika makanisa mengi ya zamani ya nchi hii. Ingia All Saints pale Nairobi, ambalo jiwe lake la msingi liliwekwa 1917, siku ya jua kali, utasikia ubaridi mlangoni. Lakini kwetu, njiwa waliposumbua, matundu yakapigiliwa mbao. Baadaye ilipokuja projekta, madirisha ya mashariki yakafunikwa ili picha ionekane. Kukawa na giza, tukawasha taa mchana. Kukawa na joto, tukanunua feni. Feni zikashindwa, na sasa kuna pendekezo la kununua mashine za kupoza hewa. Mnaona tunavyotembea? Tunalipia kila mwezi kitu ambacho shosho zetu walitujengea bure.

La pili ni jenereta. Stima yetu ya waya ni safi, nimesema. Dizeli siyo. Kila lita ya dizeli ikichomwa inatoa kama kilo 2.7 za kaboni. Jenereta ikinywa lita 20 kila Jumapili, hiyo ni kilo 54, na ukizidisha kwa Jumapili 52 unakaribia tani 2.8 kwa mwaka. Weka bei ya dizeli pembeni uzidishe mwenyewe, usinisubiri. Na hapo sijahesabu mkesha wala semina. Na kitu chenyewe tunachokiendesha kwa jenereta hiyo ni nini? Maikrofoni, kinanda, spika na taa kadhaa. Betri nzuri na paneli chache zinabeba hiyo kazi kwa saa za ibada. Hatuhitaji paneli 438. Hatuna boila.

La tatu ni jinsi tunavyotumia ukumbi. Maombi ya Jumatano asubuhi yana watu kumi na watano, Mungu awabariki ni mashujaa, lakini tunawasha ukumbi mzima na mtambo mzima wa sauti ili watu kumi na watano waliojaa benchi mbili wasikiane. Chumba cha Sunday school kinawatosha na kina dirisha kubwa. Hili halihitaji harambee. Linahitaji tu mtu mwenye funguo aamke mapema.

Sasa nafika kwenye jambo gumu, ambalo Mchungaji Kiongozi ameniruhusu niliseme wazi kwa sababu washirika watapiga kura mwishoni mwa mwezi. Mfuko wa ujenzi una pesa. Kuna pendekezo la kubomoa jengo hili na kuinua ukumbi mpya wa vioo. Vijana wengi wanalipenda, na nawaelewa. Wanaona kanisa la jirani linameta kama benki, na wao wanaona aibu kuleta rafiki zao mahali penye mabenchi ya mbao. Hamu yao ya kuleta watu kwa Yesu ni safi. Sitaki mtu awaite wapenda dunia.

Lakini nimepiga hesabu na moyo wangu umekataa. Saruji hutengenezwa kwa kuchoma mawe ya chokaa katika moto mkali, na kaboni haitoki kwa moto peke yake, inatoka ndani ya jiwe lenyewe. Tani moja ya saruji hutoa zaidi ya nusu tani ya kaboni. Kwa hivyo mfuko mmoja wa kilo 50 unaoubeba mabegani umeshatoa kilo 25 na zaidi kabla hujaufungua. Sasa hesabu mifuko ya ukumbi wa watu elfu moja. Kisha ongeza chuma, ongeza vioo, ongeza lori za kubeba kifusi. Kuta tulizonazo gharama yake ilishalipwa zamani, ya pesa na ya hewa. Kuzibomoa ni kutupa kilicholipiwa na kukinunua tena kwa bei ya leo. Na ukumbi wa vioo chini ya jua letu, wapendwa, ni oveni. Utaupoza kwa mashine tangu siku ya kwanza mpaka Bwana arudi, na stima ikipotea, kwa jenereta kubwa kuliko hii.

Nilipokuwa nikizunguka kusikiliza maoni, nilimtembelea shosho mmoja wa kanisa hili, ambaye sitamtaja. Akiwa msichana alibeba mchanga kutoka mtoni kwa mgongo, yeye na wenzake, asubuhi kabla ya shamba, ndio uliotumika katika ukuta wa kaskazini. Wenzake wengi wametangulia. Nilimweleza habari ya ukumbi mpya, michoro na yote. Alinyamaza kwa muda, akauliza swali moja tu: "Na yale mawe mtayapeleka wapi, baba?"

Sikuwa na jibu katika michoro yangu.

Kuna mwenye kusema, Mchungaji, unataka tuabudu mawe? Hapana. Tukizidi kuongezeka mpaka jengo lishindwe kabisa, siku ile tutajenga, na nitakuwa wa kwanza kubeba mfuko. Leo ukumbi haujajaa. Ibada ya kwanza ina nafasi, mnajua wenyewe, ni vile tunapenda kulala. Na kama mko tayari kusoma mpaka aya ya kumi na nane, mtaona jambo la kusikitisha. Hazaeli mfalme wa Shamu alipoelekeza uso wake Yerusalemu, Yoashi alichukua vitu vyote vilivyowekwa wakfu na dhahabu yote ya hazina, akampelekea ili aondoke. Yaani vyombo vilipakiwa vikaenda. Kuta zilizotengenezwa kwa pesa ya sanduku zilibaki, hakuna ngamia wa kuzibeba. Vizazi baadaye, Yosia alipokuja kutengeneza nyumba hiyohiyo katika sura ya 22, alikuta jengo la kutengeneza, na ndani yake kikapatikana kitabu cha torati kilichopotea. Nauliza tu: kama Yoashi angeamua kubomoa na kujenga la kisasa, Hilkia angekipata wapi?

Pendekezo ambalo mimi na wazee wanne tunalileta kwenye kikao ni hili. Mwaka huu, paa na mifereji, na kufungua matundu na madirisha. Mabati ya upande wa mashariki yamekula kutu. Ni upumbavu kuweka paneli juu ya bati ambalo utaling'oa baada ya miaka mitatu, kwa hivyo sola inangoja paa, kama walivyofanya King's. Fundi wa mbao aangalie pia kama mihimili inabeba uzito. Balbu zote ziwe LED. Paa likiwa tayari, tunaweka paneli na betri za kutosha mtambo wa sauti na taa, na jenereta inabaki ya dharura. Pesa ikibaki, vijana wachague skrini na mwangaza wa jukwaa wanaotaka, na nitawatetea kwa wazee wenye kununa. Tarumbeta zina zamu yake.

Na pesa yenyewe itakaa katika sanduku. Namaanisha sanduku halisi la mbao, fundi wetu amelitengeneza, lina tundu kifuniko na kufuli mbili. Litakuwa upande wa kulia ukiingia, kama la Yehoyada. Halitaguswa kwa mafuta ya gari, wala mgeni, wala mshahara wangu. Aya ya kumi na sita inaonyesha kwamba fungu la makuhani lilibaki tofauti, na mimi nimefurahi kwa hilo. Watahesabu wawili kila Jumapili baada ya ibada ya pili, mmoja wa wazee na mmoja wa vijana, na jumla itabandikwa ubaoni wiki hiyohiyo. Najua aya ya kumi na tano inasema wasimamizi wale waliokabidhiwa pesa ya kuwalipa mafundi hawakudaiwa hesabu kwa sababu walikuwa waaminifu. Mweka hazina wetu asishangilie mapema. Sisi tutahesabu.

Mwenye kupinga pendekezo hili aje apinge. Kikao ni Jumapili ya mwisho wa mwezi, saa nane mchana, na wenye michoro ya ukumbi mpya watapewa muda sawa na wetu. Nimewaomba waje na hesabu ya stima ya miaka kumi, nasi tutakuja na yetu. Shosho niliyemtaja ameomba aletwe. Tunatafuta mwenye gari la kumchukua.

Tuombe. Bwana, nyumba hii ni yako na mvua ni yako na jua ni lako. Utupe macho ya kuona palipobomoka na mikono isiyochoka. Utulinde tusigombane juu ya paa tukasahau wewe uliye juu yake. Katika jina la Yesu. Amina.

Kazi ya matundu ya hewa haingoji kura, kwa kuwa wazee wameipitisha. Tutaanza Jumamosi hii saa tatu asubuhi. Waya wa kuzuia njiwa umeshanunuliwa na ngazi mbili tunazo. Mwenye ngazi ndefu zaidi amwone shemasi wa majengo, na mwenye nyundo ya kung'olea misumari aje nayo.